Chungu Kilichorudi

Kisa hiki si cha kuambiwa. Kilimpata shangazi yangu nami nikiwepo, na mwenye kubisha aje nimwonyeshe mikono ya shangazi.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Rafiki yake, waliyejuana naye kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa msusi mwenye saluni mtaa wa pili, nami nilimwita mama mdogo. Kila sikukuu za mwisho wa mwaka wawili hao walipeana mimea, na walikuwa na sheria yao. Mmea unakaa kwenye chungu cha aliyekupa mpaka sikukuu zinazofuata. Hapo ndipo unauhamishia bustanini na kumrudishia mwenyewe chungu chake, na chungu hakirudi kitupu.

Mwaka ninaousimulia vidole vya mama mdogo vilikuwa vimeanza kukakamaa. Alikuwa akishika kikombe kwa mikono miwili, na wateja walishaanza kumkimbia. Shangazi alinikokota kwenye kitalu cha miche asubuhi nzima, akipekua kila kichaka utadhani anamchagulia mwanawe mchumba. Mwishowe akachukua asumini.

"Huu hausumbui," alisema. "Mwenzangu mikono haimpi nafasi."

Tukaupanda kwenye chungu chetu cha kijani chenye ufa mdomoni. Kisha akamshonea glavu za bustani kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni lake mwenyewe, akaziwekea bitana laini ndani. Hakutaka kumpima mwenzake asije akashtukia zawadi, kwa hiyo aliweka mikono yake mwenyewe juu ya karatasi, akaichora na kukata mchoro huo. "Si tuko saizi moja?" alicheka. Penye kidole gumba akamalizia kwa mishono mitatu midogo iliyokatizana, kama anavyomalizia kazi zake zote. Mimi mishono hiyo nimefundishwa mara mia na sijaiweza.

Mama mdogo alizipokea akalia. Machozi yale niliyaona, na mpaka leo yananiuma kuliko yote.

Sikukuu zilizofuata alituletea chungu kipana chenye shina nene lisilo na jani hata moja. Lilikuwa na machipukizi kumi yaliyojikunja.

"Mmea huu unaitwaje?" nilimuuliza.

"Mtaujua ukichanua." Akamgeukia shangazi. "Uumwagilie wewe mwenyewe, ndugu yangu. Asikusaidie mtu. Na chungu chenu cha asumini nitakirudisha, bado ninacho."

Shangazi aliumwagilia kila asubuhi. Jani la kwanza likafunguka, na wiki hiyo hiyo kidole chake kidogo cha kushoto kikafa ganzi. Tukasema ni baridi. Likafunguka la pili, kidole cha pili kikakunjika na kugoma kunyooka. Hospitali walipiga picha wakasema mifupa ni mizima. Kufikia jani la tano hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, na nguo za wateja nikawa nazimalizia mimi.

Mama mdogo alikuja kumjulia hali mchana mmoja. Kabla ya salamu alipita dirishani penye mmea. Aligusa jani moja moja, midomo ikicheza.

"Saba," alinong'ona.

Pini ilikuwa imeanguka sakafuni. Aliiokota kwa vidole viwili bila hata kuhangaika.

Alipoondoka nilimwambia shangazi tuutupe mmea ule. Alinikata jicho. "Mwanangu, huyo ndiye aliyemfumba macho mume wangu siku aliyofariki. Ningekuwa na adui, yeye ndiye angeniambia." Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga, lakini nani huwa na moyo wa kujikagua nguo?

Jani la tisa lilifunguka Jumapili. Sikuomba ruhusa. Nilishika shina kwa mikono miwili nikavuta.

Halikutoka peke yake.

Zilitoka glavu. Zile zile. Mizizi ilikuwa imeingia ndani yake, ikajaza kila kidole mpaka nchani. Nilivibonyeza kimoja kimoja. Tisa vilikuwa vigumu. Kimoja kilikuwa kitupu, kidole gumba cha kulia.

Vilikuwa na joto.

Shangazi alizitazama. Aliuliza jambo moja tu: "Hivi alizivaa hata siku moja?" Sauti ile bado naisikia.

Nilizibeba mpaka saluni. Mama mdogo alikuwa anasuka misuko ile myembamba kabisa, vidole vikikimbia. Hakugeuka.

"Mikono nilipewa," alisema polepole. "Alinipa mwenyewe, kwa mapenzi yake. Mimi nilitafuta tu namna ya kuivaa."

Nilichoma kila kitu siku hiyo. Kesho yake saluni ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyejua alikohamia. Mikono ya shangazi haikurudi. Alibakiwa na kidole gumba cha kulia. Cherehani sasa ni yangu.

Sikukuu zilipofika tena hatukununua mmea. Hakukuwa na wa kumpa.

Asubuhi ya sikukuu nilifungua mlango. Kizingitini palikuwa na chungu cha kijani chenye ufa mdomoni, kimesuguliwa kikang'aa. Ndani yake asumini ilikuwa imechanua. Juu ya udongo zimewekwa glavu mpya.

Penye kidole gumba kulikuwa na mishono mitatu midogo iliyokatizana.

Kwa kidole gumba shangazi alisogeza kiganja changu karibu nazo, bila kugusa. Zilikuwa ndogo kuliko zake. Zilikuwa saizi yangu.

Kitambaa nilikifahamu. Niliingia chumbani, nikafungua kabati ambalo ufunguo wake nalala nao, nikalitoa gauni langu la sikukuu, ambalo nilikuwa sijalivaa bado.

Upindo wake wa chini haukuwepo.