Utambi wa Lochlainn

Jumapili, tarehe sita Januari 1839, saa kumi na nusu jioni, Nábla alitoka kwa jirani na kibakuli cha mafuta ya kondoo. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Hewa ilikuwa ya uvuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe. Alipopita chini ya kilima cha Watu Wema, viumbe wasioonekana ambao husemwa huiba watoto na kuacha wao, alisikia magurudumu, vyombo vikigongana, watoto wakinyamazishwa... kama kijiji kizima kinahama.

Kilimani hapakuwa na mtu.

"Umekawia," mama mkwe wake, Gobnait, alimpokea. "Au umepata mchumba njiani?"

Nábla hakucheka. Mwanawe Lochlainn, wa miezi minane, alikuwa akikohoa tangu mavuno. Alikonda, akabaki na macho ya mzee.

Usiku huo wa Krismasi Ndogo, unaofunga siku kumi na mbili za Krismasi, kila nyumba huchovya tambi za taa za unyasi katika mafuta na kuzichomeka kwenye ungo uliojaa shayiri, moja kwa kila mtu. Utambi unaotangulia kuzimika, mwenyewe hutangulia kaburini. Nyumba yao ilikuwa na watu watatu. Nábla aliwasha wa Gobnait, wake, na wa mtoto. Huo wa mtoto hakuuondolea macho.

Saa nne usiku, tambi zikiwa zimewashwa punde tu, upepo ukaja. Ulinguruma. Nusu ya paa ikang'oka, na tambi mbili zikazimika papo hapo.

Wa Lochlainn haukutikisika.

Gobnait akarudi nyuma. "Moto wa binadamu hautulii hivyo," akanong'ona.

Ikaingia harufu ya bahari, na bahari iko mwendo wa siku nzima. Kisha mlangoni, sauti ya mwanamke, ya upole:

"Nábla... tupe wetu, tukupe wako. Huku haturudi tena."

"Mpe wake, mwanangu," Gobnait akasema.

"Mama, huyu nimemzaa mimi."

"Uliyemzaa alikuwa anacheka."

Nábla akamkumbatia mtoto, akafumba macho.

Nje, mtoto mwingine akalia. Kilio kikapanda juu, kikaelekea magharibi, kikapotea.

Kulipokucha kuta zilikuwa nyeupe kwa chumvi. Ule utambi, ambao huisha kwa nusu saa, ulikuwa bado unawaka, haujapungua hata upana wa ukucha. Mtoto hakukohoa tena. Alimtazama Nábla tu.

Nábla alichovya utambi mpya, akauwasha, akautajia jina la Lochlainn. Hewa ilikuwa imetulia kabisa.

Ukazimika.

Akakaa chini, akafungua kifua, akamnyonyesha yule aliyekuwa naye.