Chupa Mbili za Zein

Nyumbani kwa Bi Mwanakuu, mtaa wa Kibokoni, hapakuwa na paka. Hata hivyo, kwa siku tatu mfululizo, kila jua lilipofika utosini, ilisikika chini ya kitanda cha mjukuu wake sauti kama ya paka anayelamba maziwa.

Khairiya, mkaza mwana wa Bi Mwanakuu, ndiye aliyeisikia kwanza. Aliinama, akainua shuka. Hakuona kitu, ila sakafu ilikuwa na unyevu mahali padogo, kiasi cha kitanga cha mkono, na palinuka shaba iliyoloa. Alipafuta, asimwambie mtu. Alikuwa na miaka minne ya ndoa, na mbele ya mavyaa wake bado alizungumza pale tu alipoulizwa. Mumewe, ambaye angeweza kumwambia, alikuwa baharini na meli ya watu.

Siku ya nne Kamaludin, mwanawe wa miaka mitatu, alishikwa na homa. Kabla jua halijapanda macho yalikuwa yamegeuka na mikono imekakamaa. Bi Mwanakuu alimfukiza ubani, akamsomea, akampaka mafuta ya habasoda. Mwishowe alikaa kitako sakafuni.

"Mpeleke hospitali," alisema.

Hilo peke yake lilimtisha Khairiya, kwani Bi Mwanakuu hakuwa mtu wa hospitali. Alipokuwa akimfunga mtoto kwa kanga, bibi alimvuta mkono wakiwa mlangoni, akamnong'oneza kana kwamba kuna mtu chumbani.

"Nisikize, mwanangu. Aliye humu ndani ni jini wa damu. Huko watamtoa mtoto damu, na huwezi kuwazuia. Lakini jina lake usiwape. Damu isiyo na jina ni maji mekundu tu. Damu yenye jina ni mtu kamili."

"Wakiniuliza niwaambie anaitwa nani?"

"Waambie lolote. La kweli usilitamke."

Wodi ya watoto ilijaa. Kamaludin alipewa kitanda cha ukutani. Kitanda cha pili kilikuwa na mtoto wa rika lake, aliyelala kimya huku mbavu zikipanda na kushuka upesi. Mamake alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, jina lake Mejumaa, kutoka Mbaraki. Mumewe alikuwa kuli gatini.

"Wako ana sauti, dada," Mejumaa alimwambia. "Wangu hata kulia kumemshinda. Tungebadilishana kidogo, nami nikasikia kelele." Alimega hamri lake, akampa nusu. "Kula. Mama asiyekula hamuuguzi mtu. Zein, mwanangu, Zein, funua macho umwone jirani yako."

Asubuhi nzima alimwita hivyo. Zein, kunywa maji. Zein, mamako yupo hapa. Khairiya alilisikia jina hilo hata likamkaa mdomoni kama ladha.

Daktari alikuja, akawapima watoto wote wawili, akatikisa kichwa.

"Malaria na homa ya bakteria hufanana usoni," alisema. "Mtoto akifikia hali hii, macho yangu hayatoshi. Damu ndiyo itakayotuambia. Ikisema bakteria, tunampiga penisilini sasa hivi, maana akichelewa hatuna la kufanya. Ikisema malaria peke yake, kwinini inatosha. Sindano zilizobaki ni chache, siwezi kumpa kila mtu."

Zein alikuwa ameshatolewa damu alfajiri na sista wa zamu ya usiku. Sasa sista wa mchana alikaa kitandani kwa Kamaludin na sindano na chupa ndogo. Mtoto, ambaye sauti ilikuwa imemkauka, hakushtuka hata sindano ilipoingia. Damu ilipanda nyeusi ndani ya kioo.

"Jina la mtoto?" Sista alikuwa ameinama tayari kuandika.

Khairiya alifungua kinywa. Chini ya kitanda, katikati ya vilio vya wodi nzima, alisikia ulimi ukilamba.

"Zein," alisema.

Sista aliandika, akabandika karatasi kwenye chupa, akaondoka.

Saa sita ilipita. Sista alirudi akitokwa jasho. "Mama, wewe una miguu mizima. Nenda maabara uniletee karatasi za wodi ya watoto. Hapa niko peke yangu."

Maabara ilikuwa chumba cha mwisho uani, na mpima damu alikuwa Kadenge, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimkaribisha kwa heshima, lakini uso wake ulikuwa na mashaka. Mbele yake palisimama mirija miwili mirefu ya kioo, myembamba kama unyasi, kila mmoja na damu yake.

"Bora umekuja," alisema. "Pengine wewe utanisaidia. Damu tunaisimamisha hivi saa nzima. Ya mtoto mzima hushuka kidogo tu. Ya mtoto mwenye bakteria hushuka upesi, na chini ya hadubini chembe nyeupe hujaa kama watu kwenye moto. Sasa tazama."

Khairiya alitazama. Katika mrija wa kwanza damu ilikuwa imeshuka nusu nzima, na juu yake yamebaki maji ya manjano. Katika mrija wa pili ilikuwa karibu pale pale.

"Chupa mbili, jina moja," Kadenge alisema. "Zein, wodi ya watoto. Zein na Zein. Hii ya pili nimeona vijidudu vya malaria na chembe nyeupe chache, hii ya kwanza, ya alfajiri, mambo ni makubwa. Damu ya mtoto mmoja haiwezi kusema maneno mawili. Ama ni watoto wawili, ama mmoja katolewa mara mbili na chupa ya alfajiri imeharibika kwa joto. Wewe ni mamake Zein?"

Hapo ndipo Khairiya alipoisikia tena ile sauti, si chini ya kitanda sasa bali juu ya meza, karibu kabisa na uso wake, ulimi ukilamba polepole bila haraka, na akaona kwamba damu katika mrija wa kwanza ilikuwa ikishuka mbele ya macho yake, ikishuka kwa kila mlambo, na harufu ya shaba ikamjaa puani hata akaishika meza, naye akajua kwamba akisema ni watoto wawili Kadenge ataushika mrija wa pili na kumuuliza, basi huyu ni nani, na jina la Kamaludin litatoka kinywani mwake ndani ya chumba hiki, mbele ya huyu anayekunywa, na akajua vilevile, maana hakuwa mjinga, alikuwa amesoma shule hadi darasa la sita, kwamba asiposema, mtoto aliyelala kimya kitanda cha pili atahukumiwa kwa damu isiyo yake.

"Mama?"

"Ndiyo," alisema Khairiya.

"Alitolewa mara mbili?"

"Mara mbili."

Kadenge alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi ya alfajiri imeharibika." Aliuchukua mrija wa kwanza, akaumwaga katika beseni. Khairiya alisikia beseni likilambwa.

Karatasi aliibeba mwenyewe. Sista, aliyekuwa ameandika majina mengi asubuhi ile, aliisoma, akamsikia Mejumaa akimwita Zein wake, akaitundika kitandani kwa mtoto wa Mejumaa. Zein. Malaria. Kwinini.

"Alhamdulillahi," Mejumaa alisema, akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Malaria twaijua, ni ndugu yetu. Na wako, dada?"

"Wangu hana karatasi."

Daktari alikasirikia maabara, kisha akamtazama Kamaludin aliyekuwa akitetemeka. "Tusiyemjua ndiye wa kuogopewa. Mpigeni penisilini, na kwinini juu yake."

Mejumaa alimshika Khairiya bega. "Usilie. Nitamwombea."

Mchana ule Khairiya alisimama mara tatu. Mara ya kwanza sista alimwambia, "Ngoja, mama," naye akangoja. Mara ya pili daktari alikuwa akizungumza na wakubwa, akaona haya kumkatiza. Mara ya tatu alifika mpaka kitandani kwa Zein, akaona mbavu zikipanda na kushuka, akasema, "Dada Mejumaa." Mejumaa alimwinulia uso uliojaa matumaini.

"Waniita?"

"Wataka maji?" Khairiya aliuliza.

Zein alikufa siku ya pili, adhuhuri. Kamaludin alikaa kitandani jioni hiyo na kuomba ndizi.

Nyumbani Kibokoni majirani walileta kaimati. Kwa siku sita palikuwa kimya. Siku ya saba, jua lilipofika utosini, sauti ya kulamba ilirudi, na Kamaludin, aliyekuwa akicheza na vifuu vya nazi, aliinua kichwa akatabasamu kuelekea kitandani.

Bi Mwanakuu alimwita Mwalimu Jamaldin, akamsimulia habari za hospitali na za Zein, mtoto wa kitanda cha pili aliyekufa. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa sauti ndogo, asiyechukua ila kahawa. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akamnywesha mtoto kombe, akasoma mpaka jasho likamtiririka ndevuni. Mtoto alilegea. Kinywa chake kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, nyembamba ya kitoto. Hilo ndilo lililomtia Khairiya baridi zaidi.

"Nani aliyekuita?" Mwalimu aliuliza.

"Mama."

"Alikuitia nani?"

"Zein."

"Zein amekufa. Umekwisha kupata ulichopewa. Nenda zako."

Mtoto alicheka kidogo.

"Chupa zilikuwa mbili," alisema.

Mwalimu Jamaldin aliiweka sahani chini.

"Khairiya, mwanangu," alisema, "kuna neno hukutwambia."

Aliwaambia yote, macho yake kwenye mkeka. Bi Mwanakuu alikuwa kama aliyenywea ndani ya buibui lake. "Nilisema lolote," alinong'ona. "Sikusema la mtoto wa mtu."

"Jini mdanganyifu hutolewa," Mwalimu alisema. "Huyu hakudanganya. Alipewa damu mbili kwa jina moja, na ya pili, ya mwanao, alipewa kwa kinywa cha mzazi. Jina ulilitoa wewe, utalirudisha wewe, mbele ya mwenyewe. Mwambie mama yule ulilofanya. Mimi kombe la hilo sina. Na kabla hujamwambia, likiitwa jina hilo humu ndani, mtoto huyu asiitike."

Ijumaa Khairiya alikwenda Mbaraki kwa miguu. Njia nzima aliyapanga maneno. Mejumaa alimwona tangu mbali, akatoka kumpokea, amekonda.

"Nilimwambia mume wangu, yule dada wa Kibokoni atakuja. Wengine wote wananikimbia, waogopa msiba wangu." Alimkalisha kitandani, akamshika mikono yote miwili. "Wajua kinachonisumbua? Walisema malaria tu. Kila siku najiuliza nilikosea wapi. Labda sikumfunika vizuri. Labda yale maji niliyompa."

"Si wewe," Khairiya alisema.

"Basi ni nani?"

Khairiya alifungua kinywa. Alikifungua kweli, na maneno yalikuwapo, yamepangwa. Mejumaa alingoja. Kisha alitikisa kichwa, akajijibu mwenyewe, "Ni kudra," akainuka. Alirudi na shati dogo la buluu lililokunjwa.

"Alilivaa Idi tu, mara moja. Mvalishe wako. Nimwone akilivaa, nitapoa moyo."

Khairiya alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaaga.

Hakulivalisha. Alilitia chini kabisa ya kasha, chini ya kanga za harusi yake, akafunga kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso. Bi Mwanakuu alipomuuliza, "Umemwambia?" alijibu, "Nitamwambia Ijumaa ijayo."

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, alipika uji wa mtama. Alimimina kikombe cha bati mpaka juu, akampelekea Kamaludin chumbani. Mtoto alikuwa amesimama katikati ya sakafu, amempa mgongo. Alikuwa amevaa shati la buluu.

Khairiya aliushika ufunguo kwenye ncha ya leso. Ulikuwapo.

Sauti iliita kutoka chini ya kitanda, kwa upole, kama mama anayemwamsha mtoto.

"Zein."

Khairiya aliweka kikombe sakafuni amkimbilie amzibe mdomo. Mtoto alishageuka. Alikuwa akitabasamu, mtoto mwenye adabu, aliyefundishwa kuwaitikia wakubwa.

"Labeka," alisema.

Katika kikombe, uji ukaanza kushuka.