Aliyekuja na Shuka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Scolastika alifagia uwanja, kisha akampelekea babu yake uji zizini. Babu Bujiku, baba wa marehemu baba yake, alikuwa na masharti yake: uji uwe wa mtama, usitiwe sukari, na mleta uji asisimame mbele ya ng'ombe. Mwaka huo wa 1953 watu walikuwa wakimiminika Geita kutafuta dhahabu, lakini yeye alikataa katakata shamba lake lichimbwe, kwa kuwa wazee wake walizikwa humo.

Asubuhi moja Scolastika alimkuta amelala kifudifudi, damu imeganda kisogoni. Akamwita. Babu hakuitika. Akaweka kibuyu cha uji chini polepole, usije ukamwagika, kisha akapiga yowe.

Usukumani yowe halina mchezo. Likisikika, kila mwanamume hutoka mbio na silaha, maana hajui anaitiwa nini: simba, moto au wezi wa ng'ombe. Asiyetoka hudhaniwa kuwa ndiye mhalifu. Watu wakaja na mikuki, pinde na marungu. Wa kwanza kufika alikuwa Mjomba Cornel, kaka wa mama yake. Yeye alikuwa na shuka tu, amelikunja kwapani. Akamfunika nalo Babu, akamshika Scolastika bega.

Mama alilia hadi sauti ikakauka. Scolastika hakulia. Hakusikia uchungu, wala njaa, wala baridi. Alihisi ganzi tupu, akawa anatazama tu midomo ya watu ikienda.

"Nani hajaja kwenye yowe?" akauliza Maganga, mwanangwa wao, yaani mkuu wa kijiji.

"Athanas!" watu wakajibu.

Athanas alikuwa kijana wa Songea, mgeni aliyekuja kufanya kazi mgodini. Walimkuta amejifungia chumbani. Wakampiga, wakamfunga kamba, wakamburuta hadi uwanjani.

"Mzee, niliogopa," akasema, huku mdomo ukivuja damu. "Nilikolelewa, ukisikia kelele za namna ile unafunga mlango. Sikujua desturi yenu."

"Muuaji huyo!" akafoka Cornel. "Apelekwe Geita, anyongwe!"

Scolastika akalitazama lile shuka. Akili yake ilikuwa nzito, lakini jambo moja aliliona wazi. Akisema, mama yake atampoteza kaka. Akinyamaza, Athanas atanyongwa.

"Shikamoo, mwanangwa," akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema."

"Yowe nilipiga mimi. Sikutaja kifo. Wote walikuja na silaha, ila Mjomba alikuja na shuka la kufunikia maiti. Nani alimwambia?"

Mama akamshika mkono, akauminya kwa nguvu. Watu wote wakamgeukia Cornel.

"Cornel," akasema Maganga, "mtoto ameuliza."

"Nilidhani... mzee alikuwa mgonjwa..."

"Mgonjwa gani? Jana jioni alikamua ng'ombe mwenyewe!"

Cornel akaketi chini. "Makaburi yale yamekalia dhahabu," akasema. "Nimembembeleza mwaka mzima aniruhusu kuchimba. Alfajiri alinifukuza, nikampiga rungu. Halafu nikaona vibaya kumwacha wazi hivyo, nikaenda kuchukua shuka."

Wakamfungua Athanas, na kwa kamba ileile wakamfunga Cornel. Maganga akawageukia watu wake, aibu imemjaa usoni.

"Tulitaka kumuua mgeni kwa kosa la kutojua desturi yetu," akasema. "Tusimhukumu mtu kwa ugeni wake. Na tuseme tulichokiona, hata kikimgusa ndugu."

Maneno mazuri, lakini Athanas alikuwa ameshang'olewa meno mawili.

Jioni Scolastika alimkuta mama yake ameketi peke yake jikoni, hajawasha hata moto.

"Mama, umenichukia?"

Mama akajifuta machozi.

"Leo nimepoteza kaka," akasema, "na uchungu huo sitaumaliza. Lakini ungenyamaza, mwanangu, ningebaki na kaka aliyeua na binti anayejua. Ningekuwa nimewapoteza wote wawili."

Akamvuta, akamkalisha karibu naye. Hapo ndipo Scolastika alipolia.