Nafasi Isiyo na Mwenyewe

Marehemu alikuwa ameigawa diski ya kompyuta yake sehemu mbili. Fundi alihesabu tatu.

"Shemeji, hii ya tatu alitengeneza nani?"

Mjane aliacha cherehani. "Mimi najua kushona tu. Ila kila ikiwashwa nasikia harufu ya nywele zilizoungua."

Fundi alikuwa rafiki wa marehemu, na hakuwa na haraka. Kabla ya kuifuta diski ili ianze upya, alinakili kwenye flashi kile alichokuja kuokoa: sauti ya marehemu akimsimulia binti yake hadithi ya sungura. Mtoto hakuwa akilala bila hiyo. Fundi aliifungua ahakikishe iko salama.

"Hodi, hodi!" sungura akabisha kwa sauti ya baba.

"Karibu!" mtoto akajibu, kama alivyozoea.

Mjane akajifuta machozi kwa kitambaa alichokuwa akishona. Fundi akageukia dirishani, amwachie alie.

Kisha akafuta sehemu zote tatu. Diski ikakwaruza kama kucha juu ya bati. Kwenye skrini ikabaki nafasi moja, nyeusi.

"Mbona nyeusi?" mtoto akanong'ona.

"Nafasi tupu hiyo, haina mwenyewe," fundi akatania. "Anayetaka, karibu, ahamie!"

Jua lilikuwa bado linawaka, lakini harufu ile ikaja, ikatanda chumba kizima, cherehani ikaanza kushona bila mguu wa mtu, na pale kwenye skrini, fundi akiwa hajagusa kitu, sehemu mpya ikajichora, ikajaa nafasi yote, na jina lake likajiandika herufi moja moja: NIMEHAMIA.

"Shemeji," mjane akanong'ona, "umemkaribisha nani?"

Fundi alichomoa flashi, kisha waya wa umeme. Diski ikaendelea kuzunguka. Akaing'oa, akaiponda kwa nyundo mpaka ikanyamaza. Harufu ikakatika.

"Na baba?" mtoto akauliza.

"Baba yupo kwenye flashi, mama. Usilie," fundi akamjibu mtoto.

Alasiri hiyo mjane alichomeka flashi kwenye redio na kumlaza binti yake mapajani. Hadithi ikaanza vizuri.

"Hodi, hodi!"

Harufu ya nywele zilizoungua ikampiga mjane puani. Akamziba mtoto mdomo kabla hajajibu.

Hadithi ikakatizwa. Kisha ile sauti ya baba, kwa upole uleule, ikasema:

"Mwache tu, mke wangu. Fundi alishanikaribisha."