Upupu katika Koti la Mutembei

Kila asubuhi Joviana alimenya ndizi nyuma ya hospitali ya misheni, mjini Bukoba, pamoja na watu wengine waliokuwa wakiuguza ndugu zao. Zama zile Waingereza walitawala Tanganyika, na mgonjwa alilishwa na watu wa nyumbani kwake. Joviana, msichana wa miaka kumi na miwili kutoka Muleba, alimpikia mama yake, Klaudia, aliyekuwa amepasuliwa kuondolewa uvimbe katika mji wa mimba.

Asubuhi moja alipeleka uji wodini akamkuta Mutembei, mganga msaidizi, akimchoma mama sindano ubavuni. Si moja, ni tano. Na Mutembei huyo Joviana alimjua vizuri, maana walitoka kijiji kimoja. Mwaka uliopita baba yake Joviana alimshtaki baba yake Mutembei kwa kung'oa milamula, ile miti inayopandwa mpakani mwa mashamba, akamshinda barazani. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikuombana hata moto.

Mutembei alipotoka, Joviana alimfuta mama tumbo kwa kitambaa cha maji baridi.

"Mbona hunifuti, mwana wange?" mama akauliza.

"Nimekwisha kukufuta, Mama."

"Sikusikia kitu."

Damu ikamchemka Joviana. Kumbe ndivyo! Wameshindwa barazani, sasa wanamuua mama kidogo kidogo. Amwulize mtu kwanza? Thubutu. Moyo ulikwisha kata shauri. "Utanitambua, Mutembei," alijisemea. "Leo utanitambua."

Akashuka kichakani, akachuma upupu kwa jani la mgomba, na kila ganda alilichuma kwa furaha. Koti jeupe la Mutembei lilikuwa limetundikwa msumarini, mwenyewe akinywa chai. Joviana akaukung'uta upupu wote mikononi mwa koti, kisha akarudi wodini kungoja.

Hakungoja sana. Mutembei alivaa, akajikuna kiganja, akajikuna shingo, kisha akajikuna kila mahali. Mikono ikamvimba. Joviana aliinama asionekane anavyocheka. Jikune, baba, jikune mpaka usahau njia ya kwenu.

Saa sita mchana mama alianza kuugulia. Mara akalia kwa sauti, huku ameuma shuka. Joviana akamkimbilia Sista wa wodi.

"Ganzi imekwisha," Sista akasema. "Ndiyo dawa anayochomwa mama yako ubavuni, ili asisikie uchungu wa kidonda. Daktari yuko Izimbya mpaka kesho. Hapa anayejua kuichoma ni Mutembei tu, naye mikono yake haishiki sindano."

Joviana alitoka mbio. Kilio cha mama kikamfuata mpaka uani, alikomkuta Mutembei ametumbukiza mikono katika beseni la maji. Akapiga magoti.

"Bwana Mganga, upupu niliuweka mimi. Nilidhani unamuua mama kwa ajili ya kesi ya mpaka."

Alifumba macho angoje kofi. Mutembei aliitoa mikono majini.

"Nenda jikoni, niletee majivu," akasema.

Alijisugua kwa majivu, akanawa, akajisugua tena. Alasiri uvimbe wa vidole ulipopungua, akaketi kitandani pa Klaudia, akapapasa mbavu moja moja, akachoma sindano. Baada ya muda mama aliiachia shuka.

"Joviana," Mutembei akasema, "kama ningetaka kulipa kisasi cha baba yangu, nisingemchoma mama yako sindano yoyote. Ningekwenda zangu nyumbani, basi."

Joviana akamweleza mama habari ya upupu, akitazama chini kwa aibu. Mama akamshika mkono.

"Kesi ile haikuniliza hata siku moja," akasema. "Leo nimelia mchana kutwa, na aliyeniliza ni mwanangu mwenyewe. Jambo usilolijua, mwana wange, liulize kabla hujalilipiza."