Kadzama ya Mwalimu Buya

Pantoni ya Garsen haikuwa na injini mwaka ule wa 1957. Wanaume wenye vifua vipana waliivuta kwa kamba, ng'ombe na watu pamoja, na siku ya mnada hapakuwa na pa kutia mguu. Katikati ya vurugu hizo, baina ya fahali wa Waorma na vikapu vya ndizi, alikaa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, soksi hadi magotini. Alikuwa amefumba macho akigonga goti kwa kidole. Mara angurume chini kabisa, mara apande juu kwa sauti ya kike.

"Mwalimu," akaita mwenye ndizi, "una homa?"

Akafumbua macho. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu mwenye leso mbili nyekundu na shanga za buluu shingoni, amekibana kicheko.

"Sina homa. Nasoma."

"Unasoma bila kitabu?"

"Nasikiliza sauti nne. Zimo kichwani."

"Nne! Na wewe mwenyewe wa tano. Ndiyo maana pantoni leo ni nzito."

Wavuta kamba wakacheka. Mwalimu naye akacheka, ingawa roho haikuwa na raha. Huyu alikuwa Buya, mwalimu wa kwaya wa Hewani. Maisha yake yote aliimba kwa do re mi za kanisani, na sasa, katika umri ambao wenzake wanasomesha watoto, alijitia kusomea mtihani wa nadharia ya muziki wa daraja la juu, nota za mistari mitano, masomo yakija kwa posta. Mtihani unampa mtu wimbo mmoja, naye aandike sauti tatu chini yake, kimya kimya, bila kinanda. Kinanda cha shule kilishaliwa na mchwa. Sauti ya kwanza aliisikia, ya tatu na ya nne pia. Ya pili ilimponyoka kila mara. Alishaanguka mara moja, na mtu mzima akianguka mtihani hata mbuzi wa kijijini wanajua.

"Hebu imba hiyo ya kwanza," akasema mwanamke. Jina lake Jumwa.

Akaimba. Jumwa, asiyejua do wala re, akatia sauti yake chini ya ile, ya pili hasa, akaishika hadi ng'ambo. Pantoni ikafika, ng'ombe wakateremka, na Buya angali ameketi.

Toka siku hiyo, kila Jumamosi alivuka hadi ng'ambo ya Garsen kwa mzee Mangi Nzai, baba yake Jumwa, Mgiriama mkulima aliyehamia kutoka kusini. Waliimba uani, peupe, kuku wakipita.

"Nikishuka, wewe usishuke nami sawasawa," Buya alifundisha. "Sauti mbili zikiandamana hivyo, alama zinakwenda."

"Kwetu wanaopendana huandamana."

"Wenye mtihani hawataki."

"Basi, Bwana Sauti Nne, wanakosa mengi."

Alimpenda. Tusizunguke mbuyu: alimpenda, naye Jumwa alimpenda, na kila mtu uani aliliona hilo isipokuwa Buya, aliyedhani ni hofu ya mtihani inayomnyima usingizi.

Lakini mzee Mangi alikuwa akihesabu kwa njia yake. Mwanamume haji kwa binti ya mtu Jumamosi baada ya Jumamosi mikono mitupu. Hutangulia kadzama, kibuyu cha tembo la mnazi, ndipo mzee apate mdomo wa kuzungumza, naye haonji mpaka binti mwenyewe akubali. Jumwa akamdokeza Buya. Jumamosi iliyofuata Buya akaja na majani ya chai na sukari.

Mangi akavitazama. "Kuna mgonjwa hapa?"

Jumwa alimfuata Buya hadi njiani, macho yamemwiva.

"Nilikwambia kadzama."

"Jumwa, mimi ni mwalimu wa kanisa. Niliapa kutoonja tembo. Nikionekana nalo watanivua ualimu."

"Sikukwambia unywe. Nilikwambia ubebe."

"Ngoja kwanza mtihani upite."

"Mtihani! Unaona haya na mambo yetu, Buya. Na mimi ni mmoja wa mambo yetu." Akageuka, na Jumamosi nyingine hakutoka ndani.

Wiki ya mtihani ikafika. Buya aliketi na karatasi zake akaimba sauti ya kwanza, akangoja ya pili. Haikuja. Ndipo alipojua kwamba si hofu ya mtihani iliyomnyima usingizi. Juu mtoni mvua ilikuwa imenyesha, Tana ikapanda, nyekundu, ikibeba magogo, na habari zikaja kwamba baada ya leo pantoni itafungwa. Basi la Malindi lilikuwa linangoja Garsen; mtihani wenyewe Mombasa.

Asubuhi hiyo hakwenda moja kwa moja mtoni. Alipita kwa Kenga, mgema.

Kwenye pantoni alisimama, sanduku mkono mmoja, kadzama mkono wa pili, tembo likimwagikia shati jeupe kila maji yanapopiga. Mzee Kaviha wa kanisa alikuwa pale pale.

"Mwalimu, hicho ni nini?"

"Tembo, mzee."

"La nani?"

"La mkwe wangu, Mungu akipenda."

"Na kanisa je?"

"Nikirudi nitasimama mbele yenu, mniulize."

Mangi alimpokea taratibu mno. Maji yamejaa? Yamejaa. Hewani hawajambo? Hawajambo. Kutoka Garsen honi ya basi ikalia. Buya akamkabidhi kibuyu. Mzee akasogea kivulini kwanza, akaketi, akakiweka kibuyu mbele ya magoti.

"Jumwa! Hii kadzama niinywe, nisiinywe?"

Akatoka, mikono ina unga. Akalitazama lile shati.

"Umeibeba mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Watu wakikuona?"

"Mzee Kaviha akiniona."

Honi ikalia tena, ndefu. Jumwa akapangusa unga mikononi. Wakati ule Buya hakukumbuka nota hata moja.

"Kunywa, baba," Jumwa akasema. "Kunywa upesi, mtu ana basi."

Buya alikimbia sanduku likimpiga paja, akalidaka basi likiwa limeshaanza kwenda. Mzee Kaviha, kiti cha mbele, aligeuza uso kwa ile harufu. La kanisa lilikuwa bado, na la mtihani lilikuwa bado. Buya akafumba macho, akaanza sauti ya kwanza polepole, akiogopa. Kabla hajamaliza mstari, ya pili ikaingia, chini kidogo ya yake, wala haikuandamana naye, wala haikumwacha.