Hotipoti ya Geti la Bluu

Prado nyeupe ilipita Usoke kama inakimbizwa.

Na kweli ilikuwa inakimbizwa.

Zamda alikuwa nyuma yake juu ya pikipiki ya Boxer, mtandio umebanwa chini ya helmeti, bastola ya Glock 19 imelala mkobani pamoja na khanga na kisu cha jikoni. Vumbi la mashamba ya tumbaku lilimkaba koo. Hakutaka kulisimamisha lile gari. Alitaka kujua linalala wapi.

Kifaa cha sikioni kikakwaruza.

"Mwiko, unanipata?"

"Nakupata, Babu."

Babu alikuwa Adinani, mkuu wake wa Idara ya Usalama. Hakuwa na mjukuu hata mmoja. Lilikuwa jina la redioni tu, kama Mwiko lilivyokuwa lake Zamda.

"Limebeba nini?"

"Maboksi ya laini za simu. Yamepakiwa Kaliua, pale stesheni, mchana kweupe. Zimesajiliwa kwa vidole vya wakulima. Waliambiwa ni ruzuku ya mbolea."

"Usilipoteze."

Akalipoteza.

Ilikuwa Tabora mjini, mitaa ya Isevya, kwenye kipande cha njia ambayo zamani misafara ya pembe iliingilia. Prado ilikata kona. Zamda alipoikata yeye, mtaa ulikuwa umezibwa mwisho hadi mwisho na turubai la harusi. Viti vya plastiki, spika, sufuria kubwa za kutosha kuogea mtoto. Hapakuwa na pa kutokea.

Pembeni kulikuwa na mageti matatu. Jeusi, la kijani, la bluu.

Yote yamefungwa.

"Babu, limeingia kwa mtu. Sijui kwa nani."

"Una mpaka saa kumi."

Zamda akazima pikipiki. Akavua helmeti, akajifunga khanga, akatoa kisu. Kisu cha vitunguu. Kwenye shughuli ya Tabora hakuna anayemuuliza kitambulisho mwanamke aliyekuja na kisu chake.

Jikoni nyuma ya nyumba aliyetawala ni Bi Najiat, mama wa bibi harusi, kungwi wa mji mzima, sauti kama honi ya treni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa upande gani wewe?"

"Wa bwana harusi."

"Basi menya vitunguu. Upande wenu tunawajua kwa kula tu."

Wanawake wakacheka. Zamda akakaa kwenye kigoda, akamenya, akatega sikio. Serikali ina mitambo ya mabilioni, lakini mtambo wa kunasa habari kama jiko la shughuli haujatengenezwa bado.

"Majirani wenu wakarimu?" akauliza, kama anayepiga soga.

"Geti jeusi, watu wa reli, mama yao mgonjwa, tumeshampelekea uji. La kijani, mwalimu Magreth, si yule pale anakuna nazi." Bi Najiat akashusha sauti, maana yake ikasikika uani kote badala ya mtaa mzima. "La bluu ndiyo sijui nisemeje. Wanajiita wauza asali. Tangu wahamie sijaona nyuki, hata wa kupotea njia. Jenereta linanguruma kutwa. Siku ya maulidi tukawapelekea pilau, hawakufungua. Hebu niambie, binti. Nani anakataa pilau?"

Kisu cha Zamda kikasimama katikati ya kitunguu.

Nani, kweli.

Alipotumwa mchele, alikuta stoo ya Bi Najiat imejaa magunia. Juu ya gunia moja alikaa msichana mwenye kompyuta mapajani na hina mbichi mkono mmoja. Shamila, mtoto wa kaka yake Bi Najiat. Zamda alimfahamu kwa picha ya kwenye faili, mwenye duka aliyepewa na kampuni ya malipo mpaka saa kumi. Hakutegemea kumkuta hapa, ukuta mmoja na geti la bluu.

Hapo ndipo alipoanza kumshuku kila mtu.

Akamwonyesha kadi ya Idara. Shamila akaitazama, akaguna.

"Na wewe umekuja kunitisha? Foleni ipo, dada."

"Nimekuja kukusikiliza."

Shamila akasema. Alikuwa amejenga Kibanda, duka la mtandaoni linalouza michezo ya simu na kompyuta kutoka Kigoma mpaka Lamu. Michezo mingi ya watoto na mpira. Mingine ya watu wazima, na hiyo ilikuwa na chumba chake peke yake. Huingii bila kitambulisho kuthibitisha umri. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Velmora, kampuni ya ng'ambo inayopitisha malipo ya wateja wake, ilipopokea malalamiko elfu arobaini ya "wazazi wa Tabora".

"Wakasema toa ya uchi. Nikatoa. Wakasema bado. Nikatoa yenye kubusiana. Bado. Sasa wanataka nitoe Kungwi, mchezo niliotengeneza kwa sauti ya shangazi. Unamfundisha mwari mtu mzima namna ya kusema sitaki, na asikilizwe. Huo nao ni uchafu?"

"Ukikataa?"

"Saa kumi wanakata malipo. Watanipigia saa hiyo kusikia jibu langu. Duka lisilopokea malipo ni picha tu." Akaonyesha karatasi juu ya gunia. "Kuna mzungu anaitwa Varga, anataka kulinunua kwa bei ya bure. Anasema akilichukua yeye, Velmora watatulia. Nikisaini nimepoteza kila kitu, lakini wafanyakazi wangu watakula."

"Velmora watatuliaje kwa ajili yake?"

Shamila akaikodolea karatasi ile. Swali hilo hakuwa amejiuliza.

"Nani anayekuchukia hapa nyumbani?"

"Kuchukia ni neno kubwa. Mjomba Mfaume haupendi ule mchezo. Anasema mambo ya ndani hayauzwi dukani."

"Na mshirika wako wa duka?"

"Octavian? Huyo ni ndugu. Yuko Nzega tangu asubuhi ananitafutia kampuni nyingine ya malipo."

Mzee Mfaume alikuwa barazani, tasbihi mkononi, kanzu imenyooshwa mpaka inakata. Zamda akamsalimu, akakaa chini yake kidogo, kwa heshima.

"Mzee, ni kweli uliwaandikia Velmora?"

"Kweli tupu. Lalamiko moja, jina langu, namba yangu. Na sijabadilika. Mambo ya unyago yana mahali pake."

"Na hayo mengine elfu arobaini?"

Mzee akamtazama kwa huruma.

"Binti, mtaa huu tulishindwa kukubaliana tuchimbe kisima wapi. Nani angewapanga watu elfu arobaini wakaandika kitu kimoja?"

Zamda akainuka. Mzee aliyekasirika kwa jina lake mwenyewe hakuwa mtu wake.

Mtu wake alijificha nyuma ya laini za wakulima. Na alikuwa karibu. Kwa nini mashine ya malalamiko ikae pua na mdomo na nyumba ya Shamila, Tanzania yote ilivyo kubwa? Ni kwa sababu kuna mtu wa kuvuka ukuta, anakula huku, analala kule.

Bi Najiat aliweka alama kwenye vyombo vyake kwa rangi ya kucha nyekundu, asiibiwe. Zamda akachagua hotipoti kubwa, akaigeuza, akabandika chini yake kinasa sauti kidogo kama kifungo cha shati. Akakifunika kwa tone la rangi ile ile. Akajaza pilau, nyama juu.

Akagonga geti la bluu.

Kidirisha kikafunguka. Jicho moja.

"Hatuhitaji."

"Bi Najiat kasema mkikataa mara ya pili, anakuja mwenyewe na ngoma yake yote."

Jicho likaondoka. Minong'ono. Mikono ikatoka kidirishani, ikapokea.

Zamda alirudi kwenye kigoda chake na vitunguu vyake. Sikioni, hotipoti ikatembea. Mlango. Feni. Mlio mfupi mfupi wa simu nyingi sana kwa pamoja. Kisha sauti ya kigeni, Kiswahili cha kitabuni.

"Kwa nini umepokea chakula hiki?"

"Bora chakula kuliko ngoma getini, Bwana Varga. Tule tu."

"Saa kumi ikifika?"

"Shamila atasaini. Namjua. Hawezi kuona watu wake wanalala njaa. Andaa tu fungu langu."

"Na polisi wakivunja geti?"

"Unabonyeza swichi ya ukutani, simu zote zinajifuta. Watakuta asali."

Zamda akarudi stoo, akaitoa simu yake, akaisogeza sikioni kwa Shamila, akamrudishia sauti ile ya pili.

Msichana akaomba kuisikia tena.

"Huyo ni Octavian," akasema taratibu. "Yuko Nzega."

Hakulia. Aliichukua karatasi ya Varga juu ya gunia, akaikalia.

"Babu," Zamda akanong'ona. "Mko wapi?"

"Noah nyeusi, nyuma ya turubai. Tumebeba kabati la vyombo, tunaonekana wageni. Tuvunje?"

"Mkivunja, ushahidi unafutika. Litafunguka lenyewe."

"Kwa nini lifunguke?"

"Wana hotipoti ya watu."



"Mwiko, imebaki nusu saa."

Zamda akaenda kwa Bi Najiat, akamnong'oneza. Yote, mpaka jina la Octavian, aliyekula mezani pake kwa miaka. Bi Najiat akajifunga khanga ya pili kiunoni. Akachukua mwiko wa ukubwa wa kasia.

"Wanawake," akasema. "Twendeni tukadai chombo chetu."

Walitoka kama ishirini hivi, na ngoma, na vigelegele, na ndimi.

"Wauza asali, hodi. Hotipoti yetu. Wageni wa Nzega wameingia, tunapakulia kwenye nini?"

"Wameila na chombo."

"Labda wanafugia nyuki."

Mtaa mzima ukageuza shingo. Madirisha yakafunguka. Sikioni, Zamda akasikia yote.

"Watupie juu ya ukuta," Varga akasema.

"Wewe hujui watu hawa," Octavian akasema. "Chombo hakitupwi. Na hakirudi kitupu, watakisema mwaka mzima, watataka kujua sisi ni kina nani. Lete ile chupa ya asali. Naweka, nampa mlinzi, yamekwisha."

"Mlinzi amesema haendi kwa wale wanawake."

Octavian akamtukana mlinzi. Hatua. Komeo.

Geti la bluu likafunguka kiasi cha bega.

Octavian alitoa kichwa, kofia imeshushwa hadi machoni, hotipoti mikono miwili. Mtoto wa Usoke aliyelelewa vizuri. Mkono mmoja usingekuwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Nzega kuzuri?" Bi Najiat akauliza.

Mdomo wa Glock ukamgusa mbavuni.

"Usiiangushe," Zamda akasema. "Ya watu."

Noah ikanguruma. Zamda alishapita. Uani, Prado nyeupe. Ukumbini, rafu mpaka darini, simu za Tecno kwa mamia, kila moja ikimlilia Velmora kwa kidole cha mkulima. Varga aliruka kuelekea swichi.

Kisu cha vitunguu kilifika kwanza.

Kikapita kwenye mkono wa shati, kikazama kwenye nguzo ya mninga. Varga akaning'inia hapo, vidole vyake inchi chache kutoka kwenye swichi, akinuka pilau.

Simu ya Shamila ikaita. Velmora. Saa kumi.

Aliingia nayo mwenyewe, mkono wenye hina ukiwa umeinuliwa usiharibike, akageuza kamera, akaipitisha rafu hadi rafu.

"Hawa hapa wazazi wa Tabora," akasema. "Waulizeni."

Upande wa pili kibodi ikagongwa haraka.

"Tunasitisha uamuzi," sauti ikasema. "Malipo yanaendelea."

"Na michezo mliyoniamuru niitoe?"

"Tutaipitia upya."

"Pitieni. Lalamiko la kweli ni moja. Mwenyewe yuko barazani kwetu, huyo nitamjibu mimi."

Nje, Adinani alikuwa akimfunga Octavian pingu. Octavian alitafuta macho ya Shamila. Hakuyapata.

Zamda alimkabidhi Bi Najiat hotipoti yake. Mama akaifunua, akatoa chupa, akachovya kidole, akaonja. Akatema.

"Sukari guru na maji," akasema. "Kwa mji huu wa asali. Huyo mzungu mngemkamata kwa hili peke yake."

Zamda akafungua khanga, akaikunja mkobani. Akavaa helmeti.

"Binti, unaondoka hujala?" Bi Najiat akaita. "Na kweli wewe wa upande wa bwana harusi?"

Zamda akapiga kiki.

"Vitunguu nimemaliza, mama."

Boxer ikakata kona, ikapotea njia ile ile ya misafara, na nyuma yake spika zikarudi kupiga.